Acha Nondo Nje: Jinsi ya Kujenga Ofisi Ndogo ya Ubunifu Majengo Huku Maisha Yakibadilika

Pita Nzuguni au Ilazo hapa Dodoma, au Mbezi kule Dar, utaona nyumba zenye nguzo zilizoishia hewani, nondo zimechomoza juu kama mabua baada ya mavuno. Chini watu wanaishi, nguo zimeanikwa, kuku wanachakura. Mwenye nyumba amejenga kadiri alivyoweza, akaacha nondo nje ili siku pesa zikipatikana ghorofa ipate pa kushikia.

Ofisi yangu nimeijenga hivyo hivyo. Niliajiriwa Dar es Salaam kwa miaka sita. Mwaka 2017 mume wangu, mtumishi wa serikali, alihamia Dodoma pamoja na wizara yake, nami nikamfuata na kompyuta moja, mtoto wa mwaka mmoja na wateja wawili. Tangu hapo nimejifungua tena, nimemuuguza mama kwa miezi saba, nimeachana na mbia, na kuna mwaka nilifundisha chuoni kwa muda ili nilipe kodi ya pango. Hakuna hata badiliko moja lililongoja nimalize kazi ya mtu. Hatua zilizo hapa chini nimeziandika kwa ajili ya mbunifu majengo anayetaka kuanza na kidogo, akijua kwamba nyumbani kwake nako mambo hayatasimama.

Hatua ya 1: Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Anza na usajili, mtaji utafuata. Tanzania Bara kazi yetu ina sheria yake, Sheria Na. 4 ya 2010, na msimamizi wake ni Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, ambayo wengi tunaiita AQRB. Ukitoka chuo unasajiliwa kama mhitimu. Ili uwe mtaalamu kamili unafanya kazi chini ya mtu aliyesajiliwa, unatunza kumbukumbu za kazi hizo, kisha unapita kwenye mtihani wa Bodi. Maliza safari hiyo ukiwa bado una mshahara na una bosi wa kukusainia. Nina rafiki aliyeacha kazi kabla, akidhani atasoma usiku. Alitumia miaka mitatu kutafuta mtu wa kumsimamia, na kazi zote za miaka hiyo zilitoka kwa muhuri wa mtu mwingine, aliyekuwa akichukua nusu ya malipo.

Pili, toa notisi. Ukilipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inataka isipungue siku 28, isipokuwa mkataba wako umesema zaidi. Omba cheti chako cha utumishi siku hiyo hiyo. Usiweke fao la kukosa ajira la NSSF kwenye hesabu zako, kwa sababu halimhusu mtu aliyeacha kazi mwenyewe. Wengi hugundua hilo wakiwa dirishani.

Tatu, michoro. Hapa nilikosea mimi. Niliondoka na flashi yenye kazi zangu zote za miaka sita, nikaziweka kwenye kabrasha la kuonyesha wateja, bila kumuuliza mtu. Miezi minane baadaye simu ikaita. Kwa kawaida kazi uliyoifanya ukiwa mwajiriwa ni mali ya mwajiri, hata kama kila mstari umeuchora wewe. Nikaomba radhi, nikaondoa picha, na wateja wawili waliokuwa wameanza kuniamini wakasikia habari hizo kabla sijawaambia. Omba ruhusa ya maandishi kabla ya siku ya mwisho. Taja miradi unayotaka kuionyesha, jina la ofisi litakaloandikwa chini ya kila picha, na kazi uliyoifanya wewe hasa. Mabosi wengi hukubali wakiombwa vizuri. Hata asipokubali, heri ujue mapema.

Hatua ya 2: Hesabu saa zako kabla ya kuhesabu pesa

Watu huanza na mpango wa biashara. Mimi nakushauri uanze na kalenda ya nyumbani. Chukua karatasi, chora miezi kumi na minane, kisha jaza yale unayoyajua: ada za Januari, mwezi wa Ramadhani au Kwaresima kama unafunga, mtihani wa mwenza wako, mzazi mwenye kliniki kila mwezi, mimba kama ipo au inatarajiwa. Kisha weka msimu wa ujenzi. Dodoma mvua hunyesha kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na wakati huo misingi mingi husimama. Dar masika ni Machi hadi Mei. Desemba ndugu wa ughaibuni wapo nyumbani, wanataka kuona kiwanja na kuongea ramani. Januari hakuna anayetaka hata kusikia neno ramani.

Sasa hesabu. Mimi nilipoanza nilikuwa na saa nne kwa siku, yaani wakati mtoto yuko kwa dada wa kazi na mimi bado nina akili. Saa nne mara siku tano ni ishirini kwa wiki. Theluthi moja iliisha kwenye simu, foleni za ofisi na safari za saiti. Zilibaki saa kama kumi na tatu za kuchora. Nyumba ya vyumba vitatu, kimoja masta, kutoka mazungumzo ya kwanza hadi michoro ya kibali, kwangu ilikula saa sitini. Hiyo ni zaidi ya mwezi kwa nyumba moja. Ukitoa homa za mtoto, misiba na sikukuu, mwaka mzima unabeba nyumba tisa.

Nyumbani nilihitaji shilingi 1,500,000 kwa mwezi, ambazo ni 18,000,000 kwa mwaka. Pango, umeme, intaneti, programu za kuchorea, ada na usafiri vilikuwa 6,000,000. Jumla 24,000,000. Gawa kwa nyumba tisa upate kama 2,670,000 kwa nyumba, kabla ya kodi. Mtaani kuna mtu anauza ramani kwa 300,000. Kwa bei hiyo ningehitaji kuchora nyumba themanini kwa mwaka, na mimi nina saa za nyumba tisa.

Weka hesabu zako mahali pa hizo zangu. Zikikuonyesha kwamba huwezi kuishi kwa kuuza karatasi za ramani peke yake, basi zimesema kweli, usizifiche. Ndipo utakapoanza kuuza vitu ambavyo muuza ramani hana: ushauri kabla mtu hajanunua kiwanja, ukaguzi wa siku ya kuseti msingi, BOQ (orodha ya vifaa, vipimo na gharama za ujenzi) iliyofanywa na mkadiriaji majenzi anayejulikana, na ziara za saiti zinazolipiwa moja moja.

Hatua ya 3: Makaratasi

Hii sehemu haina utamu, tuipite haraka, ila tutasimama kidogo kwenye kodi.

Kwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, unasajili jina la biashara au kampuni kwa mtandao, ukiwa na namba yako ya NIDA. Jina la biashara ni rahisi, lakini halikutengi na madeni. Ukidaiwa, unadaiwa wewe na sofa lako. BRELA peke yake haikupi ruhusa ya kufanya ubunifu majengo. Kampuni lazima isajiliwe na Bodi pia, ikiwa na mtaalamu aliyesajiliwa anayeisimamia. Kisha TIN na leseni ya biashara.

Kuhusu kodi, wengi hudhani kwamba wakiwa wadogo VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, haiwahusu. Kwa muuza duka, kuna kiwango cha mauzo ambacho akiwa chini yake hahitaji kujisajili. Kwetu sisi ni tofauti: sheria ya VAT ya 2014 inamtaka mtoa huduma za kitaalamu ajisajili hata kama mauzo yake hayajafika hapo. Kwa hiyo taja bei yako pamoja na asilimia 18 tangu mazungumzo ya kwanza. Ukija kuiongeza baadaye mteja atadhani unamfanyia ujanja. Na mteja akiwa kampuni au taasisi, atakukata asilimia 5 ya kodi ya zuio. Mfano: ada yako ni 10,000,000. Ankara itasomeka 11,800,000. Watakukata 500,000 na kukupa cheti. Ile 1,800,000 si yako, ipeleke TRA. Mkononi una 9,500,000, na kile cheti cha 500,000 kinapunguza kodi yako ya mapato mwisho wa mwaka. Nimeona wenzangu wakitupa vyeti hivyo kwenye droo pamoja na risiti za mafuta. Huko ni kutupa noti.

Fungua akaunti ya pili kwa ajili ya VAT tu. Kila malipo yakiingia, hamisha siku hiyo hiyo. Ukisubiri hadi tarehe 20 ya mwezi unaofuata utakuta umeishaila.

Hatua ya 4: Tafuta tatizo la mahali ulipo

Nilifika Dodoma mwaka ule ule Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilipovunjwa. Ilikuwa imeshika ardhi ya mji huu tangu 1973. Mei 2017 kazi zake zikahamia Manispaa, ambayo mwaka uliofuata ikawa Jiji. Mimi nilikuja na orodha ya viambatisho niliyopewa na mtu wa Dar, iliyokuwa imeshapitwa na wakati. Nikarudishwa mara mbili. Mara ya tatu nilikwenda bila mchoro wowote, nikiwa na daftari, nikaomba kijana wa mapokezi aniambie faili linapita kwa nani na nani. Nikatoka na ukurasa mmoja. Ukihamia mji mpya anza na hilo daftari, nembo ya ofisi itasubiri.

Halafu angalia nyumba zinaumwa nini. Sehemu nyingi za Dodoma zina udongo wa mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Nyumba iliyojengwa kwa ramani nzuri ya mtandaoni inapigwa ufa kutoka kona ya dirisha hadi kwenye lenta kabla haijamaliza miaka mitatu. Nilianza kutembelea nyumba zenye nyufa pamoja na mhandisi wa miundo, tukitoza ada ndogo na kuandika ripoti ya kurasa mbili. Kazi za nyumba mpya zikaja kwa mlango huo. Mtu aliyeona ukuta wa ndugu yake ukipasuka haulizi tena kwa nini asinunue ramani ya 300,000.

Kwingine dawa ni nyingine. Dar tatizo ni joto la unyevu, na maji ya mvua yanapokosa pa kwenda. Mwanza ni miamba na miteremko, kuseti msingi tu ni mtihani. Unguja, ndani ya Mji Mkongwe, hugusi hata dirisha bila Mamlaka ya Uhifadhi, kwa kuwa mji ule uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000, na anayejua njia ya kibali hicho halali njaa. Ujuzi wa aina hii una faida moja zaidi kwa mtu mwenye maisha ya kuhamahama: ripoti ya nyufa ni kazi ya siku mbili. Unaweza kuifanya ukiwa na mgonjwa nyumbani. Ghorofa nne huwezi.

Hatua ya 5: Uza kazi kwa vipande vinavyosimama

Ningekuwa na ukurasa mmoja tu wa kuandika, ningeandika hatua hii na kuziacha zingine zote.

Desturi ya wengi ni kuchukua kazi nzima, kupokea malipo ya awali, kisha kukimbizana na mteja hadi mwisho. Ukiumwa katikati, mteja ana nusu ya kitu na wewe una deni. Badala yake, kata kazi kama mtu anavyojenga: msingi mwaka huu, kuta mwakani, kupaua tukijaliwa. Vipande vyangu ni hivi. Cha kwanza ni kwenda kiwanjani, kuhakiki bikoni (alama za mipaka ya kiwanja), kuona udongo na jua na njia ya maji, na kumwandikia mteja kurasa mbili. Cha pili, mchoro wa awali na mabadiliko mawili, si zaidi. Cha tatu, michoro ya kibali cha ujenzi. Cha nne, michoro ya fundi pamoja na BOQ. Cha tano ni ziara za saiti, zinazohesabiwa na kulipiwa kila moja.

Kila kipande kina bei yake, nusu inalipwa kabla ya kuanza na nusu kabla michoro haijatoka ofisini. Na mkataba wangu una kifungu hiki, kichukue ukipenda, ila mpe wakili akisome kwanza:

"Kila kipande kinasimama peke yake. Upande wowote unaweza kusitisha kazi mwisho wa kipande kwa taarifa ya maandishi ya siku 14. Mbunifu atakabidhi michoro yote iliyolipiwa pamoja na orodha ya mambo yaliyobaki, na mteja ataruhusiwa kuendelea na mbunifu mwingine aliyesajiliwa."

Nilipoanza kuutumia niliogopa kwamba kifungu hicho kitawafungulia wateja mlango wa kutoka. Mzee mmoja, mstaafu aliyekuwa na kiwanja Iyumbu, alikisoma akavua miwani.

"Binti, sasa hapa umeniruhusu nikuache?"

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe uniache?"

"Kazi ikifika mwisho wa kipande, na ukiwa umepata ulicholipia."

Akanyamaza kidogo. "Fundi wangu wa Morogoro aliniacha na nyumba haina lenta, na pesa ya bati alikuwa nayo. Wewe umeandika kabisa utaniachia wapi." Akasaini. Alisimamisha kazi baada ya kipande cha tatu kwa sababu ya matibabu ya mkewe, na hatukugombana. Tutamrudia.

Jambo moja la msisitizo: pesa za vifaa zisipite kwenye akaunti yako. Mteja wa mbali, hasa aliye Muscat au London na hana wa kumwamini, atakusihi umpokelee za saruji na nondo. Kataa kwa upole. Alipe moja kwa moja duka la vifaa, wewe uhakiki mzigo na kumtumia picha. Milioni arobaini zikipita kwako, TRA wataona mapato ambayo hukuyapata, na siku saruji ikipungua mifuko kumi urafiki umekwisha.

Hatua ya 6: Panga faili kana kwamba kesho litasomwa na mtu mwingine

Nilipokuwa mjamzito wa pili nilikuwa na kazi mbili mkononi. Mwajiriwa ana siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mimi nilikuwa na nilichojiwekea, ambacho kilitosha wiki sita. Nikamwomba mwenzangu mwenye ofisi ndogo kama yangu anishikie. Kazi ya kwanza aliiendeleza bila kunipigia simu hata mara moja. Ya pili alinipigia nikiwa bado wodini: "Dada, samahani sana, hivi hili jiko mlikubaliana lifunguke upande gani?" Jibu lilikuwa ndani ya ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa dakika nne, wa miezi mitatu nyuma, ambamo mteja alianza kwa kunisimulia harusi ya mpwa wake.

Kuanzia hapo kila kazi ina ukurasa mmoja unaoitwa "Maamuzi". Tarehe, kilichoamuliwa, aliyeamua. Mteja akisema jambo kwa sauti, namwandikia: "Mzee, nimekuelewa kwamba jiko lifunguke nyuma. Nimeandika hivyo." Akijibu sawa, inaingia kwenye ukurasa. Michoro nayo ina jina moja la kueleweka: kiwanja, kipande, namba ya toleo, tarehe. Usiite faili "ya mwisho". Utapata "ya mwisho kabisa" na "ya mwisho 2 mpya". Hifadhi nakala mahali pawili, moja ikiwa nje ya nyumba unayofanyia kazi. Umeme wa kwetu unajulikana, na wezi wa kompyuta nao hawachagui.

Kisha tafuta wenzako wawili mfunge makubaliano ya kushikiana. Andikeni mambo matatu tu: anayeshika anapata sehemu gani ya ada ya kipande (sisi ni asilimia 60), mteja anaambiwa lini na nani, na kwamba mteja huyo harudiwi kwa mlango wa nyuma baadaye. Muhuri wa anayetoa michoro ndio unaobeba dhamana, kwa hiyo mwenzio lazima awe amesajiliwa. Hilo la mlango wa nyuma mliandike hata kama ni mtu mliyesoma naye Chuo Kikuu Ardhi meza moja.

Ukijua tarehe ya kujifungua, usiuze kipande cha tatu kitakachoangukia miezi miwili kabla au mitatu baada. Uza cha kwanza na cha pili. Kuna wateja watakaoondoka, nami niliwapoteza wawili hivyo.

Hatua ya 7: Mambo yakikukuta bila taarifa

Mama aliugua ghafla, Machi, wiki ya kuseti msingi wa mteja. Nilichojifunza ni kuandika ujumbe siku ya kwanza, kabla ya kujua ugonjwa utachukua muda gani, na kuweka tarehe ndani yake. Ulikuwa hivi: "Habari za leo. Nimepata mgonjwa nyumbani, nitakuwa Dar hadi Jumatatu ya tarehe 18. Kuseti msingi tusifanye bila mtu. Mwenzangu anaweza kuja Alhamisi, au tusogeze wiki moja. Chagua linalokufaa. Tarehe 18 nitakuandikia tena hata kama hakuna jipya." Watu wetu ni wepisi wa kuelewa mgonjwa na msiba. Wasichoelewa ni simu isiyopokelewa. Na tarehe 18 niliandika, nikiwa kwenye benchi la hospitali, kwamba hakuna jipya.

Kuhusu mbia, sitasema mengi. Tuliachana bila kesi kwa sababu ya bahati. Laini ya simu ilikuwa kwa jina lake, barua pepe kwa jina lake, na wateja walikuwa na namba hiyo tu. Sajili laini, barua pepe na leseni za programu kwa jina la biashara siku mnayoanza, mkiwa bado mnacheka pamoja. Andikeni kila kipande ni cha nani akiondoka mmoja. Kama mbia ni mume au mke wako, andikeni mara mbili.

Kuhama kwa mji pia ni msiba mdogo wa biashara, ila siku hizi umepungua makali. Tangu treni ya SGR ifike Dodoma mwaka 2024 naweza kwenda Dar kwenye saiti na kurudi siku hiyo hiyo. Kwa saiti za mbali nataka fundi anitumie picha zenye futi ya kupimia ndani yake, nondo zikiwa zimefungwa na zege bado halijamwagwa. Picha ya zege lililokwisha kumwagwa hainiambii chochote, hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Hatua ya 8: Ukilazimika kusimama

Mwaka niliokwenda kufundisha sikufunga ofisi, niliilaza. Kulaza kuna utaratibu. Ada ya mwaka ya Bodi niliendelea kulipa, na mafunzo ya kuendeleza taaluma nilihudhuria, kwa sababu kurudi ukiwa na madeni ya usajili kunachosha kuliko kuanza. Ritani za TRA nilipeleka kila mwezi hata zikiwa sifuri; ritani isiyopelekwa inazaa faini hata kama hukuuza kitu. Wateja wote niliwamalizia vipande walivyokwisha lipia na kuwapa orodha ya yaliyobaki. Bango la ofisi nilishusha, namba ya simu nikaacha hewani. Ripoti za nyufa nilifanya Jumamosi, mbili kwa mwezi, ili jina lisipotee mtaani.

Yule mzee wa Iyumbu alipiga simu Agosti iliyopita, miaka minne tangu asimame. Mkewe amepona, watoto wamechanga, wanataka kuanza msingi, tena sasa wanataka uweze kubeba ghorofa baadaye. Nikafungua faili lake: kurasa mbili za udongo, michoro ya kibali toleo la tatu, na ukurasa wa Maamuzi ambao mstari wake wa mwisho unasema, "Mteja anaomba nguzo za nyuma ziachiwe nondo. Mzee, kwa simu, saa 4 asubuhi." Jumatatu tunakwenda kiwanjani na mhandisi kupima upya bikoni, kwa sababu jirani ameshajenga ukuta.